Shanga za Mkia

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mmeitika kama mliofunga? Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa nimesikia. Hapo zamani za kale palikuwa na kichuguu. Kirefu, chekundu, cha udongo mgumu. Ndani yake walikaa mchwa wasiohesabika, na mama yao mmoja, Malkia. Chumbani kwa Malkia palitundikwa mkufu wa shanga.

Mkufu huo haukuwa pambo, msije mkadhani. Ulikuwa nyuzi mbili zilizosokotana, zenye shanga za rangi nne, zikitazamana mbili mbili. Nyekundu kwa nyeupe. Nyeusi kwa buluu. Mpangilio wake ndio ulioeleza kazi zote za nyumba: chimba hapa, hewa ipite pale, ukuta ufike hapa. Kila mvua za kwanza zilipokuja, mtoto mmoja wa Malkia alipewa nakala ya mkufu, akaruka kwenda kuanza nyumba yake. Ndiyo, kumbikumbi. Hao hao mnaowakaanga.

Aliyenakili alikuwa Siwema, mchwa mdogo, mkimya. Makame mwenye mataya makubwa alitangulia kuzifumua nyuzi, tarrr. Mwenzao Kidawa akafuata, akaweka shanga chache za udongo, maana Siwema hakuweza kuanzia patupu. Lazima ashike ushanga uliotangulia. Ndipo Siwema akatunga. Nyekundu kwa nyeupe, tik. Nyeusi kwa buluu, tik. Kila alipotunga mmoja alirudi akaupapasa. Akikuta kosa, alilitoa, akaweka ulio sawa. Kisha zile shanga za udongo zikang'olewa, Siwema akaziba pengo, na jirani yao Buibui, fundi wa nyuzi, akafunga fundo. Kazi ikiisha, mkufu mmoja umekuwa miwili, na kila mmoja una uzi wa zamani na uzi mpya.

Ila palikuwa na jambo. Kule mwisho kabisa, udongo wa Kidawa ulipong'olewa, hapakuwa na ushanga wa kushika. Pengo halikuzibika. Uzi mtupu ukaning'inia, Buibui akaukata, kwicha. Kwa hiyo kila mwaka mkufu ulipungua kidogo. Wazee wa zamani walilijua hilo. Mwishoni walitunga shanga za mkia zisizosema neno lolote, ili zikipungua kisipotee kitu; lakini ufundi wa kuzitunga bila mfano wakafa nao.

Mwaka huo zamu ilikuwa ya Riziki, kitinda mimba. Siwema ndiye aliyemlea. Alimlisha mdomo kwa mdomo, akampangusa mabawa yalipoota. Asubuhi mvua iliponyesha, Riziki alikuwa mlangoni, hatulii.

"Mama mdogo, yameota sawasawa?"

"Sawasawa, mwanangu."

"Nikijenga kwangu, nitakuwekea chumba."

"Usinikumbushe uzee," akasema Siwema, akacheka, akaingia kazini.

Akapapasa mkia wa mkufu. Akapapasa tena. Shanga za mkia hazikuwapo. Mwaka jana alipomaliza hakuupapasa mkia, aliogopa kujua. Sasa ushanga wa mwisho ulikuwa wa neno lenyewe, neno la mwisho la nyumba: ikitosha, acha.

Na walishaona nyumba iliyopoteza neno hilo. Ilikuwa ng'ambo ya kijito. Ikajenga, ikajenga, ikajenga. Mchwa wake wakaziba matundu yao wenyewe ya hewa. Wakambana mama yao kwa kuta hadi akafa. Nao wakaendelea kujenga, mpaka hakubaki wa kubeba udongo.

"Makame, fumua," akasema Malkia.

"Usifumue," akasema Siwema.

Wote wakamtazama.

"Mkia umekwisha, Mama."

"Nakili hivyo hivyo. Ni shanga mbili tatu tu."

"Ndizo zinazosema acha."

"Riziki ana akili. Ataacha mwenyewe."

"Watoto wake hawataacha. Watamfunika kwa udongo akiwa hai."

Malkia akamgeukia Siwema. Kisha akasema polepole, "Wewe uliyemlea. Huna huruma naye?"

Siwema akalia. Alilia mbele yao wote, hakujificha. "Ninayo, Mama. Lakini sijawahi kujua kosa nikaliacha kwenye uzi. Siwezi kuanza kwa Riziki."

Makame akafumba mataya yake. Malkia hakumlazimisha Siwema. Aligeukia ukutani, basi.

Siwema akaenda kumwambia Riziki mwenyewe.

"Nimekosa nini?" akauliza Riziki.

"Hujakosa kitu, mwanangu. Wala hakuna aliyekosa. Mkia umekwisha."

Nje mvua ilikuwa imekatika, na kumbikumbi wa vichuguu vingine walikuwa wakiruka, vrrr, vrrr, juani. Riziki aliwatazama mpaka wa mwisho. Jioni mabawa yake yakadondoka. Moja. La pili. La tatu. La nne. Siwema akayaokota, akayaweka palipokuwa pakiwekwa nyuzi mpya.

Kichuguu kile hakikutoa mtoto tena. Malkia akafa. Makame akafa, Kidawa akafa, Buibui akahama. Mvua zikaja, udongo ukalainika, ukuta ukalala. Mwishowe wakabaki wawili, Siwema na Riziki, wamejibanza kwenye chumba kimoja kisichovuja.

Siwema alikuwa haoni tena. Lakini mikono haikusahau kazi. Akarudi nyuma, akapapasa mgongo wa Riziki, mahali mabawa yalipokuwa. Akapapasa tena.

"Yaliota sawasawa," akasema.

"Najua, Mama mdogo," akajibu Riziki.

Na nyie mnaonisikiliza, wakubwa kwa wadogo, shikeni hili. Kuna mambo yanakwisha bila mtu kuwa mzembe, msitafute wa kumlaumu. Na anayekupenda anaweza kukukatalia jambo unalolitaka kuliko yote, na kukataa huko kukamuuma yeye mpaka anaingia kaburini.

Hadithi yangu imeishia hapo, uzi umekwisha mkononi. Atakayeweza kuurefusha, na aurefushe.