Kamera ya Kuzungukia Ziwa

Kuna watu ambao ukiwapa mlango mmoja wataingia, lakini ukiwapa saba watalala nje. Prudencia alikuwa wa kundi hili la pili, ingawa mwenyewe alijiita mwangalifu.

Kikundi cha mzee Machibya, wacheza bugobogobo, ile ngoma ya kurusha majembe, wa Misungwi, kilikuwa kimealikwa kuzunguka Ziwa Viktoria kwa mwaka mzima, na kilihitaji mpiga picha. Waliojitokeza walikuwa wawili: Prudencia, na Suzana muuza dagaa wa soko la Mwaloni. Hakuna kati yao aliyewahi kumiliki kamera, na mzee Machibya hakujali.

"Njooni mazoezini Jumamosi," aliwaambia. "Atakayenionyesha picha ya majembe yakiwa hewani, huyo tutaondoka naye."

Prudencia aliitaka safari ile kufa kupona. Kwa miaka minne alikuwa amewatolea watu fotokopi za vyeti pale Kirumba, huku akilitazama ziwa ambalo hakuwahi kulivuka. Siku hiyohiyo aliacha kazi.

Jumatatu akaenda kwa Deodatus, muuza kamera. Deodatus akamwekea mezani kamera ndogo iliyokwisha kutumika.

"Dada, hii inakutosha. Ni nyepesi, betri inakaa siku nzima, na ukiiweka kwenye alama hii ya kijani inajipangia mwanga yenyewe. Ni ya kujifunzia, na safarini haikuchoshi."

"Ina megapikseli ngapi?"

"Kumi na sita."

"Mh! Simu ya shangazi yangu ina hamsini!" Akaondoka zake.

Hapo ndipo akili yake ilipoanza kuchanganyikiwa. Binamu yake alimwambia anunue yenye lenzi za kubadilisha. Mpiga picha wa harusi akaapa kwamba kamera nyepesi haidumu. Jirani akamtisha kwamba mvuke wa ziwa huua kamera isiyozuia maji, na huko mtandaoni kila aliyesifu aina moja alijibiwa na kumi walioiponda. Taabu ni kwamba wote walikuwa na ukweli wao. Prudencia aliyaandika yote daftarini, akayasoma, akayafuta, akayaandika upya, hadi kichwa kikamzunguka kama pia.

Jumatano alipopita Mwaloni alimkuta Suzana na ile kamera ndogo shingoni, akiwapiga picha wachuuzi, kunguru, hata mizani.

"Kumbe umeichukua hiyo?"

"Si ndiyo iliyokuwepo? Jana niliharibu picha mia. Leo themanini tu!"

Prudencia alimwonea huruma.

Ijumaa, Deodatus aliyekwisha kuchoshwa na maswali yake ya kila siku alimwazima kamera mbili kubwa. "Kajaribu zote, dada. Uipendayo uichukue, nyingine unirudishie."

Jumamosi ngoma zililia, wachezaji wakaingia na majembe mabegani. Prudencia akashika kamera ya kwanza, picha ikatoka nyeusi tii. Akashika ya pili, ikatoka nyeupe pe. Akairudia ya kwanza, akabadili lenzi, akalifungua daftari, asijue aanzie wapi.

"Subirini kidogo!" alipaza sauti.

Ngoma haisubiri mtu. Alipoinua macho, majembe yalikuwa chini na wachezaji walikuwa wakifuta jasho.

Picha ya Suzana ilikuwa imepinda, na pembeni lilionekana sikio la mtu. Lakini majembe yalikuwa juu, yote, na mikono ikiyangoja. Mzee Machibya aliitazama, akacheka kwa furaha.

"Na wewe, binti?"

"Shikamoo, mzee. Mimi... nilikuwa bado naangalia ipi inafaa zaidi."

"Marahaba. Inafaa kwa nini?"

Prudencia alizitazama zile kamera mbili. Wiki nzima alikuwa amezisoma kamera, wala hakuwa amepiga hata picha moja ya kueleweka. Machozi yakamtoka mbele za watu, na hakuona aibu kuyaacha.

Siku ya safari alikwenda stendi ya Buzuruga kuwaaga, moyo ukimuuma. Suzana akavua kamera na kumpa.

"Hebu tupige ya kuagana, dada yangu."

Prudencia akatazama, akabonyeza mara moja. Picha ikatoka safi, nyuso zote zikicheka. Ilikuwa picha yake ya kwanza ya kueleweka. Akairudisha kamera, basi likaondoka, naye akabaki amesimama vumbini na kidole chake kikiwa bado kimekunjwa kama kinachobonyeza.

Ama kweli, mchagua jembe si mkulima.