Ngoma Iliyolegezwa Nusu

Hapo zamani, katika mji wa Mkongoroni, uliokaa kilimani penye kona ya mto, palikuwa na ngoma kubwa moja na watu watatu walioitumikia. Mwinyikai aliiwamba. Shekuwe aliipiga. Mwanapili aliisikiliza. Mwinyikai na Shekuwe walikaa nayo juu kilimani. Mwanapili alikaa bondeni, mwendo wa saa nzima, juu ya dungu lake, jukwaa la kulindia ndege, katikati ya mashamba ya mpunga, akisikiliza kwa niaba ya wavunaji wote. Alichosikia alikitangaza kwa sauti, na alichotangaza walikifanya.

Ngoma ile ilikuwa na milio miwili tu, wa kati na wa ukingo. Sheria yake kila mtoto wa Mkongoroni aliijua kabla hajaijua alifu:

Kati na kati, kimya.
Kati na ukingo, ukingo.
Ukingo na ukingo, uliza ngozi.

Maana yake, ukipiga kati mara mbili, milio hufutana, ni kama hujasema kitu. Ukipiga kati kisha ukingo, ukingo huumeza ule wa kati. Lakini ukipiga ukingo kisha ukingo, hapo neno hupasuka pande mbili. Kama ngozi imefungwa, vijiti vyake vinane vimekazwa kuizunguka, wanaambiwa, "Tulieni, kazi iendelee." Kama ngozi imeachwa, vijiti vimelegezwa, wanaambiwa, "Maji, pandeni juu." Mkono ni ule ule, pigo ni lile lile. Kinachoamua ni pembeni, namna ngozi ilivyoshikwa. Na hapakuwa na njia nyingine ya kuwaita watu, kwa kuwa mlio wa kati haukufika bondeni. Ulifia kwenye matete. Uliofika ni wa ukingo.

Basi nani wa kuiuliza ngozi, na wavunaji hawaioni? Ni Mwinyikai. Kiangazi kikiingia alikaza vijiti vyote, akashuka bondeni, akasema, "Ngozi imefungwa." Masika yakikaribia alivilegeza vyote, ngozi isije ikapasuka kwa unyevu, akashuka tena, akasema, "Ngozi imeachwa." Neno lake lilisimama mpaka alipolibadili mwenyewe.

Mwinyikai alikuwa mtu wa swala tano na magoti mabovu. Mwanapili alikuwa mtani wake, utani wa tangu mababu, na kwa watu wale mtani akikutania huna ruhusa ya kukasirika. Mwaka mmoja, Mwinyikai aliposhuka kutangaza masika, alimkuta Mwanapili amekaa juu ya dungu, miguu inaning'inia.

"Ngozi imeachwa," Mwinyikai akasema.

"Hivi, mtani, ilianza kulegea ngozi au mwambaji?"

Wanawake waliokuwa wakivuna wakasimamisha visu vyao.

"Mimi nimeleta habari tu, mtani."

"Habari ilishafika. Mkeo alitangulia kutuletea."

Wakacheka mpaka wengine wakakaa chini kwenye mpunga. Mwinyikai naye akacheka, kwa kuwa ndivyo inavyotakiwa. Lakini alipokuwa akipanda kilima, magoti yanamuuma, kile kicheko kilipanda naye. Hakumweleza mtu. Hata katika dua zake, alimokuwa akimtajia Mungu makosa yake moja moja, hilo alilipita.

Mwaka uliofuata mpunga ulizaa sana, na kiangazi kilikuwa hakijaisha. Ngozi imefungwa, na neno limesimama. Alhamisi asubuhi ukungu mzito ukapanda kutoka mtoni. Mwinyikai akaipapasa ngozi kwa kiganja, akakuta upande wa kibla imevimba, na penye kijiti kimoja imeanza kuchanika, urefu wa ukucha. Akalegeza vijiti vinne vya upande wa kibla. Vinne vya upande wa mto akaviacha vimekazwa.

Akasimama pale akifikiri. Sheria inajua kufungwa, sheria inajua kuachwa. Nusu sheria haiijui. Akajiambia, nikishuka nitasema nini, kwamba ngozi imelegea kidogo? Akakisikia kicheko kabla hakijachekwa. Akajiambia, Jumamosi itakuwa imekauka, nitakaza, na hapatakuwa na neno. Akaenda kutawadha.

Njiani akamkuta Shekuwe anakula muhogo.

"Nimelegeza upande wa kibla."

"Umetangaza?"

"Nusu haitangazwi."

"Wewe ndiye mwambaji," Shekuwe akasema, akaendelea kutafuna.

Ijumaa, watu wametoka kuswali alasiri, mto ukabadilika. Mkongoroni mvua haikuwa imenyesha hata tone. Ilinyesha mbali, huko bara, na maji yakaja ya kahawia yamebeba miti mizima na mizizi yake. Shekuwe aliyaona kutoka kilimani yakiwa bado nyuma ya kona. Akakimbilia ngoma, akashika mkwiro, fimbo yake ya kupigia. Ukingo wa ngoma upande wa mto umefungwa, upande wa kibla umeachwa. Akachagua wa kibla. Ukingo na ukingo. Kisha tena, ukingo na ukingo.

Bondeni Mwanapili akainua kichwa. Ngozi iliyofungwa mlio wake hukatika kama ukuni mkavu. Huu ulikuwa na mkwaruzo, ulivuta. Aliusikia. Hakuna aliyekuwa na sikio kama lake, na sikio lake lilimwambia kwamba ile ngozi imeachwa. Lakini Mwinyikai hakuwa ameshuka. Na miaka mitatu nyuma aliwahi kusikia mkwaruzo kama ule, akawapandisha watu wote kilimani, maji yasije, na ndege wa kwelea wakala mashamba mawili mpaka kwenye mabua. Siku ile Jumbe Kimeta, mkuu wa mji, alimwambia mbele ya watu, "Mwanapili, sikio lako lina ndoto zake. Wewe fuata sheria."

Akafuata sheria. Akasimama juu ya dungu, akapaza sauti, "Tulieni, kazi iendelee."

Ngoma ikalia tena, ukingo na ukingo. Ikalia tena.

"Leo Shekuwe ana mapenzi nasi," akasema Mwanakheri, mdogo wake Mwanapili, aliyekuwa chini ya dungu akifunga miganda. "Katutuliza mara kumi."

"Anaogopa kuacha," mwanamke mwingine akasema. "Akiacha, mkewe atamtuma kuni."

Wakacheka, mikono ikiendelea na kazi. Na Shekuwe kule juu alipoona hawapandi akadhani hawasikii, akazidi kupiga. Kadiri alivyozidi kupiga, ndivyo walivyozidi kutulia. Alipiga mpaka ngozi ya kiganja ikachubuka, na kila pigo lake likawaambia kaeni.

Maji yalichukua watu kumi na mmoja. Mwanapili alilikumbatia dungu akaona wakipita. Mwanakheri alipatikana siku ya tatu, mganda mmoja bado umefungwa kwenye kiuno chake.

Katika mji ule, mtu akifa alipigiwa ngoma, ili kila aliye mbali asimame alipo na kumwombea. Mtu kufa asipigiwe lilikuwa jambo la kutisha kuliko kufa kwenyewe. Na ilikuwa desturi kwamba ngoma ikisababisha vifo, ngozi yake huvuliwa ikazikwa, na mwenye kosa hutajwa. Huyo huvushwa mto asirudi, na siku akifa hapigiwi. Hutajwa jina moja tu. Ngozi mpya haiwambwi mpaka jina litoke kinywani mwa jumbe.

Zilikuwa zimebaki siku kumi masika yaingie. Watu wakakaa barazani, ngozi mpya imelowekwa kwenye beseni mbele ya Jumbe Kimeta.

Shekuwe akasimama wa kwanza, kiganja kimefungwa kitambaa. "Mimi nilipiga upande ulioachwa, na upande ulioachwa unasema maji. Sikukosea pigo hata moja. Asiyetangaza yuko hapa, na aliyesema tulieni yuko hapa. Mnataka mkono wangu ufanye nini zaidi?"

"Ulijua kwamba hatukutangaziwa," Mwanapili akasema. "Mji mzima umesikia kwamba ulimuuliza Mwinyikai, naye akakujibu."

"Nilijua."

"Una miguu, kaka. Ulikuwa na Alhamisi nzima na Ijumaa mpaka alasiri."

Shekuwe akatazama kitambaa chake. "Kutangaza si kazi yangu," akasema, lakini alilisema kwa sauti ndogo, akakaa.

Mwanapili hakusimama. "Nilisikia mkwaruzo," akasema. "Sitaficha, Mungu ananiona. Nilisikia, nikajua, nikasema tulieni. Mdogo wangu alikuwa chini ya miguu yangu. Kama ningesema pandeni, na ikawa ni unyevu tu, ningeitwa mwenye ndoto mara ya pili. Nilifundishwa nisiamini sikio langu." Hakumtazama Jumbe aliposema hivyo. Jumbe naye alikuwa anatazama beseni.

Mwinyikai akajaribu kusimama, magoti yakakataa, akasema akiwa amepiga goti. Alikuwa amepanga kusema kwamba nusu haimo katika sheria, na ni kweli haimo. Watu wengi barazani wangekubali. Lakini kinywa kilipofunguka yakatoka mengine.

"Nilijua kwamba napaswa kushuka. Siyo magoti yaliyonizuia. Niliona haya. Mwaka jana nilichekwa kule bondeni, na sikutaka kuchekwa tena. Watu kumi na mmoja, kwa sababu hiyo tu."

Mwanapili akamgeukia.

"Kwa ule utani wangu?"

"Kwa ule."

"Lakini ulicheka."

"Nilicheka."

"Mtani," Mwanapili akasema, "nilikuona umecheka." Akajifunika uso kwa ukaya wake, kitambaa cha kichwani.

"Nitajeni mimi," Mwinyikai akasema. "Jumbe, nitaje mimi, tumalize."

"Ukivushwa wewe nani ataiwamba?" Shekuwe akauliza. Hakuuliza kwa ukali. "Mji huu hauna mwambaji mwingine. Masika yakija ngozi iko ndani ya beseni, tutapiga nini?"

"Na ukivushwa wewe nani atapiga?" akasema mtu mmoja nyuma.

"Na akivushwa Mwanapili," mwingine akasema, "nani ana sikio?"

"Sikio lililosikia likanyamaza?" mama mmoja akajibu. Huyo alikuwa amepoteza wana wawili.

Jumbe Kimeta akaingiza mikono kwenye beseni, akaitoa ngozi. Maji yakachuruzika kwenye kanzu yake. Ngozi iliyolowekwa ikitolewa, jua halingoji. Ikikauka kabla ya kuwambwa haifai tena, na ya pili hawakuwa nayo. Akaishika hivyo mbele ya watu, na wazee waliokaa karibu naye walisema baadaye kwamba midomo yake ilitaja majina manne bila sauti, si matatu, na kwamba la nne lilikuwa lake.

Kisha akafungua kinywa. Jina ni moja, na ukingo wa ngozi ulikwisha kuanza kujikunja.

Haya, mliokaa mkasikiliza, shikeni ninyi hiyo ngozi badala yake. Je, nani alistahili kuvushwa mto, na siku ya kufa kwake asipigiwe?