Umeona, au Umedhani?

Sogeeni, wenzangu, nianzie pale mambo yalipokuwa bado ya kawaida. Mwasiti alipokea bakuli la uji kutoka kwa jirani yake, Bi Mkunde, akamwita mumewe, "Mshangama, njoo tunywe." Akatangulia kunywa. Kabla ya adhuhuri alikuwa amekufa.

Mshangama alipita nyumba kwa nyumba akisema, "Mkunde amemtilia sumu." Wanakijiji wakampeleka Bi Mkunde kwa zimwi la pangoni, ambalo humeza mtu pale tu mshtaki wake anaposema, "Nimeona."

Zimwi likamviringishia Bi Mkunde ulimi kiunoni, likamwuliza Mshangama, "Umeona, au umedhani?"

"Waligombana juzi kisimani."

Ulimi ukapanda kifuani. "Mimi na mama yangu tuligombana kila siku. Umeona, au umedhani?"

"Mke wangu alikuwa mzima!"

Ulimi ukafika shingoni. "Neno moja tu, bwana. Nina njaa, wala sitakuchunguza. Umeona?"

"Shemeji," Bi Mkunde akasema kwa shida, "sema ulichokiona."

Mshangama alilitamani mno neno lile, maana angepata mtu wa kulaumu. "Nilimwona akileta uji," akasema. "Nilimwona mke wangu akifa. Sumu sikuiona. Nilidhani."

Ulimi ukalegea.

Kesho yake asubuhi alirudi kwenye nyumba zile zile kuyafuta maneno yake. Katika nyumba ya nne, mwenyeji akamkatiza, "Usitudanganye! Mimi nilimwona Mkunde akitia sumu, kwa macho yangu haya."

Mshangama akaketi mlangoni pake, akamwuliza, "Ulikuwa umesimama wapi?"