Siku Uzi Ulipokwisha kwa Mama Tweve

Wapendwa, leo nawapandisha milimani, kwenye mji mmoja mdogo wa wakulima wa viazi na pareto, ambako hata jua likiwa utosini mtu hutembea na koti. Pale sokoni palikuwa na duka la nyuzi, na mwenye duka tutamwita Mama Tweve.

Ukiingia kwake unakuta rafu za mbao zimejaa mabonge ya uzi wa kila rangi, na chini ya rafu kuna mabenchi. Kila Alhamisi mchana mabenchi hayo hujaa kina mama, sindano za kufumia mkononi. Wanafuma kofia, soksi, vishali vidogo. Haviuzwi hivyo. Vyote vinakwenda kituo cha afya, kwa watoto wachanga, hasa wale wanaozaliwa kabla ya siku zao, tunaowaita njiti. Mmewahi kumwona mtoto njiti? Kichwa kama chungwa, mwilini hana nyama ya kumhifadhi. Baridi ya kule ikimkuta kichwa wazi, haimwachi.

Uzi alitoa Mama Tweve, kazi walitoa wao, na chai walichangia wote. Maneno ya watu nayo yalikuwepo, tena hayo hayakuhitaji mchango. Msicheke, mnawajua.

Katikati yao alikaa mama mmoja asiyekuwa na maneno mengi. Jina lake Mama Obadia. Obadia alikuwa mtoto wake wa pekee, kijana mrefu, mpasua mbao, na siku moja huko msituni mti ukamwangukia. Wakati ule mama yake alikuwa anamfumia sweta jekundu. Watu walipoingia uani kumletea habari, walimkuta na mkono mmoja wa sweta mapajani, haujaisha. Akazika mtoto. Akarudi ndani, akaumalizia ule mkono. Akalikunja sweta, akaliweka sandukuni. Miaka ikapita. Mji mzima ulijua kuna sweta kwenye sanduku la Mama Obadia, na hakuna aliyewahi kulitaja mbele yake.

Sasa ikaja ile masika. Mvua ilinyesha mpaka kilima kikaporomoka, kikaziba barabara. Malori hayapandi, hayashuki. Kabla mvua hazijakata, baridi nayo ikaingia mapema. Alhamisi moja, kina mama wamekaa dukani na sindano tupu, mara nesi wa kituo cha afya akaingia anahema.

"Mama Tweve, nipe chochote. Sijawahi kuona njiti wengi kiasi hiki kwa pamoja. Chumba cha joto kimejaa. Waliobaki mama zao wamewalaza kifuani, ngozi kwa ngozi, lakini vichwa viko wazi."

Mama Tweve akamwonyesha rafu. Mbao tupu.

"Nesi, hata uzi wa kufungia kifurushi sina. Lori limekwama ng'ambo ya kilima."

Watu wa Mungu wanafanya nini hapo? Wanaomba. Mzee Luvanda, mzee wa kanisa, alikuwa amepita kumchukua mke wake, akavua kofia, akaomba kwa sauti: "Bwana, wewe unayehamisha milima, uondoe huu mmoja tu. Fungua barabara. Leta lori." Wote wakasema amina. Sala nzuri. Hata mimi ningeomba hiyo hiyo. Wewe usingeomba hivyo?

Baada ya amina, Mama Obadia akainuka, akajitanda khanga, akatoka. Wakadhani amekwenda kuinjika chai.

Aliporudi alikuwa na kitu kifuani.

"Mama Tweve, naomba mkasi."

"Mkasi wa nini, dada yangu?"

Akakikunjua kile kitu juu ya benchi. Sweta jekundu, halijavaliwa hata mara moja. Mama Tweve akarudi nyuma.

"Hapana. Hilo hapana. Hilo ni la Obadia."

"Obadia hasikii baridi," alisema mama yake. "Hawa wanasikia."

Nani angempa mkasi? Hakuna aliyesogea. Akautoa mwenyewe msumarini ulikotundikwa. Akakata mshono wa begani, akaitafuta ncha ya uzi, akavuta. Mkono ule alioumalizia baada ya mazishi ndio alioanza kuufumua. Machozi yanamtiririka, mkono unavuta. Mstari baada ya mstari, sweta linarudi kuwa uzi. Akafika kwenye kiwiko, akainua macho.

"Mbona mnanitazama? Nani ananikunjia bonge?"

Wapendwa, pale ndipo mji ulipoamka!

Mama Tweve akaushika uzi, akaanza kukunja. Nesi akavua sweta alilolivaa ndani ya sare, akalitupa benchini. Na Mzee Luvanda, yule yule aliyetoka kuombea lori, akalivuta lake likapita kichwani, akabaki na shati jepesi, meno yanagongana. "Fanyeni haraka basi," akasema, "la sivyo na mimi mtanilaza wodi ya njiti!" Wakacheka. Wakacheka huku wanalia, na mikono haisimami.

Habari ikazunguka soko zima. Wauza viazi wakaja na masweta yao. Mwalimu akaja na lake la harusi. Wanakwaya wakaleta yale waliyofumiwa kwa ajili ya mashindano, na mjue wanakwaya na sare zao! Uzi uliofumuliwa hujikunja-kunja kama nywele zilizotoka kwenye misuko, kwa hiyo wakatenga birika jikoni wakawa wanaupitisha kwenye mvuke unyooke. Aliyejua kufuma akafuma. Asiyejua kufuma akafumua. Asiyejua hata kufumua akachochea moto. Wanaume ambao hawajawahi kugusa sindano walisimama wamenyoosha mikono mbele kama watu wanaopokea zawadi, na uzi unazungushwa mikononi mwao. Kabla jua halijazama, kikapu cha kwanza cha kofia kikabebwa kwenda kituo cha afya, bado kina joto la mvuke. Kesho yake kikaenda kingine. Kesho kutwa, kingine.

Lori lilikuja, ndiyo. Lilikuja barabara ilipofunguliwa, siku nyingi baadaye, na dereva akashangaa kukuta watoto wote wamevaa. Katika watoto wale, hata mmoja hakuchukuliwa na baridi. Hata mmoja!

Ikafika Jumapili ambayo wale mama walileta watoto kanisani kushukuru. Walipita katikati ya mabenchi, mmoja nyuma ya mwenzake, na kila kichanga kofia yake. Ya kijani, ya bluu, nyingine nusu sweta la mwalimu nusu sare ya kwaya. Mzee Luvanda akashindwa kujizuia, akasimama katikati ya ibada: "Huyo pale! Huyo kavaa sweta langu!" Vigelegele vikapasuka. Kwaya ikaimba na haikusikika. Mchungaji akaacha kitabu, akapiga makofi kama mtoto.

Mama mmoja kijana akaacha mstari, akaenda moja kwa moja mpaka alipoketi Mama Obadia. Mtoto wake alikuwa na kofia nyekundu.

"Shikamoo mama. Nyumbani tulikubaliana kabisa mtoto aitwe Obadia." Akasita. "Ila ni msichana."

Mama Obadia akampokea mtoto, akamtazama usoni, kisha akacheka. Alicheka mabega yakatikisika. Kuna waliokuwa wamesahau sauti ya kicheko chake.

"Mwite jina lake mwenyewe, mwanangu," akasema. "Na mwakani mlete nimpime. Hii kofia itakuwa imeshambana."

Sasa nawauliza ninyi mlio hapa. Ile sala ya Mzee Luvanda, ilijibiwa au haikujibiwa?

Fikirini kabla hamjasema. Kilima kilikuwa bado kimelala barabarani. Lori limezama kwenye matope. Na uzi ulikuwepo! Ulikuwa ndani ya mji ule ule, majumbani mwao, wengine walikuwa wameuvaa wakati wanaomba. Duka ndilo lililoishiwa, mji haukuwa umeishiwa. Walimwomba Mungu afungue barabara, naye akaanza na sanduku la mama mmoja.

Tena akaanza na lile lililokuwa gumu kuliko yote. Angeweza kuanza na sweta la Mzee Luvanda, ambaye kabatini ana mengine. Akaanza na mama aliyefiwa. Sisi tunasema, acha kwanza nipone, ndipo nitasaidia wengine. Acha mambo yangu yakae sawa. Mama yule hakuwa amepona. Alivuta uzi huku analia, na kicheko chake kilimngoja mbele, kwa watoto wa watu.

Ndugu zangu, kule bondeni kuna familia iliyounguliwa na nyumba. Tumewaombea hapa, na tumemwomba Mungu alete mfadhili. Naamini yupo njiani. Lakini baba yule na watoto wake usiku huu wanalala wapi? Wanajifunika nini? Nimeamua kwamba leo sitarudia sala ile. Simameni, tuimbe. Na ukimwona jirani yako anachomoka kwenye benchi kabla ya ubeti wa mwisho, usimwulize anakwenda wapi. Mpishe apite.