Penzi la Jukwaani Korogwe

Nawasimulia jambo lililotokea Korogwe, nanyi mtanisaidia kuliamua, maana mimi limenishinda.

Palikuwa na kikundi cha michezo ya kuigiza yenye nyimbo. Semboja alikuwa na kipaji cha kutunga. Mwanakheri aliigiza hata ukasahau jina lake. Hoza alikuwa na sauti tu. Kuigiza hakujua, na kila mtu alimwambia hivyo.

Mchezo wao mpya ulihusu kijana na binti wanaokutana sokoni na kupendana kabla wimbo mmoja haujaisha. Kwenye mazoezi watu walicheka. Bi Nasra, mjane aliyewaazima ukumbi, aliwaambia kwamba aliishi na mumewe miaka thelathini bila kuimbiwa hata mstari mmoja. Mapenzi ya dakika tatu yeye hayaamini.

Semboja akaenda nyumbani akauchana ule wimbo. Akaandika mwingine kwa maneno aliyokuwa akiambiwa na marehemu mkewe: umekula? Mbona umechelewa? Njoo ukae huku, huko kuna jua.

Hoza, aliyekuwa yule kijana wa mchezo, hakubadilisha chochote katika uimbaji wake. Alimpenda Mwanakheri, aliyekuwa yule binti, kwelikweli, kimyakimya, tangu mwaka uliotangulia. Siku ya onyesho, alipofika pale pa "njoo ukae huku", sauti ikamkatika.

Mwanakheri aliona mwenzake amekwama na mchezo unaharibika. Akamsogelea, akamfuta jasho kwa ncha ya khanga, akaumalizia ule mstari taratibu, akimtazama kama mtu aliyemngoja maisha yake yote. Bi Nasra akalia.

Nyuma ya pazia, Hoza alimuuliza kama alimaanisha.

"Kaka Hoza, nilikuwa kazini," Mwanakheri alijibu kwa upole. "Nisamehe."

Hoza akaketi juu ya sanduku la mavazi.

Mara Bi Nasra akaingia, mkononi ana fidla ya marehemu mumewe. "Ninayo hii moja tu," alisema. "Nataka kumpa aliyenifanya niamini."

Semboja alisema maneno yametoka kwenye ndoa yake. Hoza, bila kuinua uso, alisema ni yeye peke yake ambaye hakuigiza. Mwanakheri alisema kama asingemsogelea Hoza, watu wangeona mwimbaji aliyesahau wimbo, basi.

Bi Nasra akawatazama mmoja mmoja, fidla bado mkononi.

Je, nyinyi mnaonisikiliza, fidla ile mngempa nani: aliyewahi kupenda, anayependa, au yule ambaye hakupenda lakini tukamwamini?