Baiskeli ya Kilo Mia Mbili

Hadithi, jamani!

Hadithi ije!

Ije mbio?

Ije taratibu, tumeiwekea kigoda!

Haya, ije taratibu, maana hata mimi msimulizi nimechoka. Nimepalilia tangu alfajiri na kiuno kinaniuma. Atakayenikatiza, kesho atanipalilia.

Hapo kale, si kale sana, kale ya juzi, kale ya simu kushika mtandao mpaka upande juu ya kichuguu, palikuwa na mtu akiitwa Shembilu. Nyumba yake ilikuwa bondeni. Migomba yake ilikuwa bondeni. Soko likawa mlimani. Mungu alipanga hivyo, na Shembilu hakuulizwa. Kila siku ya soko alifunga mikungu ya ndizi kwenye baiskeli yake ya chuma, akaisukuma. Akasukuma, akasukuma, akasukuma. Akirudi nyumbani, goti la kulia limevimba kama papai, na mkewe Zaituni analikanda kwa maji ya chumvi.

"Mume wangu, goti hili litakuacha."

"Liniache liende wapi? Na lenyewe limechoka."

Sasa, kila mwaka watu wa soko waliandaa mbio za baiskeli. Mnaanzia bondeni, mnaishia sokoni, kila mtu na mkungu mmoja kwenye keria. Mwaka huo zawadi ilikuwa guta la injini, la matairi matatu, linalopanda mlima lenyewe huku mwenyewe umekaa. Shembilu alikwenda kulitazama lilipoegeshwa. Akalishika usukani, akalishika kiti. Hakutaka sifa, jamani. Alitaka kukaa.

Lakini kulikuwa na Hozza. Mnawajua watu kama Hozza? Mwembamba, mcheshi, mjanja, ana baiskeli nyepesi aliyoinunua mjini. Mwaka wa kwanza Hozza wa kwanza, Shembilu wa pili. Mwaka wa pili Hozza wa kwanza, Shembilu wa pili. Mwaka wa tatu je?

Wa pili!

Mnamwonea raha, eeh? Endeleeni.

Zaituni akakaa na simu juu ya kichuguu, akatafuta, akashuka. Akasema, "Hizi baiskeli nyepesi ni za kaboni, zinatoka ng'ambo. Wenye maduka wanatuuzia kwa bei ya nyumba. Lakini kiwanda chenyewe kinauza. Fremu na magurudumu, kwa bei ya mizinga yako ya nyuki."

"Rahisi huwa ghali, mke wangu."

"Na goti je, goti ni rahisi?"

Shembilu akauza mizinga yote, akapanda kichuguu, akaandika kwa Kiswahili na simu ikatafsiri. Kule kiwandani akapokea mama mmoja mwenye adabu sana. Mama akaandika: "Rafiki mpendwa, fremu tunaitengeneza kulingana na mpandaji. Uzito wako ni kiasi gani?"

Hapa nisikilizeni vizuri. Mtu wa ofisini ukimwuliza uzito, atakutajia mwili wake. Msukuma ndizi hajui mwili wake una kilo ngapi, na wala hajali. Njiani kwao kuna daraja la miti, na mlinzi wa daraja humwuliza kila apitaye, "Uzito?" Naye hutaja vyote kwa pamoja: mtu, baiskeli na mzigo. Ukitaja pungufu, mnazama wote. Kwa hiyo Shembilu akaandika alivyozoea: kilo mia mbili.

"Rafiki mpendwa, una uhakika?"

"Nina uhakika."

"Rafiki mpendwa, huyo ni mtu mmoja?"

"Mmoja tu, ndiye mimi."

"Rafiki mpendwa, pole sana. Tutakutengenezea."

Shembilu akaipokea ile pole kwa moyo wote. Akamwambia mkewe, "Huyu mama anajua uchovu wa watu."

Habari zikamfikia Hozza. Akaja mbio. "Shemeji Zaituni, hebu nipe na mimi hicho kiwanda." Zaituni akampa, maana jirani hanyimwi. Hozza alipoulizwa uzito akaenda zahanati, akapanda mizani, akaandika: kilo hamsini na sita, bila viatu.

Wakangoja. Mwezi wa kwanza Shembilu akauliza. "Rafiki mpendwa, mzigo uko njiani." Mwezi wa pili akauliza. "Rafiki mpendwa, mzigo uko njiani." Mwezi wa tatu akapanda kichuguu, akakaa tu, hakuuliza. Naye mama wa watu akamwandikia mwenyewe: "Rafiki mpendwa, usichoke."

Maboksi yakaja na lori, mawili kwa pamoja. Hozza akafungua lake, akainua fremu kwa kidole kimoja. Shembilu akafungua lake, akaiinua kwa mikono miwili. Mabomba mazito, manene kama muundi wa mtu mzima. Spoku zimesongamana kama meno ya kitana. Hozza akacheka, akaizunguka, akacheka tena.

"Kaka, umeagiza baiskeli au kitanda?"

Shembilu akaisoma karatasi ya mzigo. Mpandaji: kilo mia mbili. Ndipo akaelewa alichokifanya. Akaona aibu, akakaa chini palepale. Kuirudisha hawezi. Mizinga imekwenda, nyuki wamekwenda, na mbio ni kesho kutwa.

Zaituni akamwambia, "Mchagua jembe si mkulima. Ifunge, upande."

Akaifunga, akapanda.

Siku ya mbio wakaondoka watu ishirini. Hozza mbele, Shembilu nyuma yake, wengine wakabaki wanahema huko chini hata hawaonekani. Kona ya kwanza Hozza anapiga mluzi. Kona ya pili Hozza anaimba. Kona ya tatu, ya mwisho, kamba ya kumalizia inaonekana kabisa, mkungu wa Hozza ukaruka kwenye keria na ukatua. Kaa! Fremu ya mtu wa kilo hamsini na sita ikakatika vipande viwili. Hozza huku, gurudumu kule, ndizi mtaroni.

"Kaka Shembilu! Mguu wangu!"

Basi, wasukuma ndizi wana desturi yao. Aliyeanguka mlimani hapitwi. Awe ndugu, awe adui, unambeba yeye na mzigo wake, maana kesho ni zamu yako. Shembilu akaitazama kamba. Akalitazama guta. Akamtazama Hozza. Moyo ukamwambia pita. Alitaka sana kupita, siwafichi.

"Kwa nini hukuangukia bondeni, wewe?" akamwambia, akashuka.

Akaufunga mkungu wa Hozza juu ya mkungu wake. Akamkalisha Hozza kwenye kiti, akampa ashike usukani. Yeye akaenda nyuma, akasukuma. Wahenga husema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Wahenga hawakuusukuma ule. Lakini fremu haikulia wala kupinda. Akasukuma, akasukuma, akasukuma, goti linawaka moto.

Wakaivuka kamba hivi: gurudumu la mbele, halafu Hozza, halafu ndizi, halafu Shembilu.

Hozza akainua mikono yote miwili. "Nimeshinda! Nani katangulia kuvuka? Semeni haki, jamani! Nani katangulia?"

Watu wakaanza kugombana. Wengine wakasema Hozza katangulia kweli. Wengine wakasema huo ni uhuni. Shembilu hakuwa na pumzi ya kudai. Akaliegemea guta, akasema, "Mpeni. Mwaka wa nne huu. Mimi nimechoka." Akasema kweli, alikuwa amechoka hadi kwenye mifupa.

Aliyeshika kamba alikuwa Bi Kiondo, mwenyekiti wa soko, mama asiyependa kelele. Akamwendea Hozza.

"Baiskeli hii ya nani?"

"Ya Shembilu."

"Jasho lililoileta la nani?"

"La Shembilu."

"Na wewe ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikaa, Bi Kiondo. Lakini usukani nilishika mimi!"

"Hata mtoto akipakatwa hushika usukani. Wewe ni abiria, mwanangu, na abiria hashindi mbio. Abiria hulipa nauli. Acha huo mkungu wako hapo, uende zahanati."

Soko zima likacheka, mpaka Hozza naye akacheka huku mguu unamuuma. Wakageuka na ufunguo wa guta kumkabidhi mshindi. Mshindi hayupo! Wakamtafuta kwenye umati, wakamtafuta kwenye kivuli, wakamtafuta mtaroni. Ndipo Zaituni akachungulia ndani ya guta, akamwona mumewe amelala chali, kinywa wazi, anakoroma.

Watu wakataka kumwamsha wampigie makofi. Zaituni akawakataza. Akaufunga ufunguo kwenye ncha ya kanga yake, akauburuta ule mkungu wa nauli, akaliinua goti la mumewe polepole, akaliegesha juu ya mkungu huo.

Hadithi yangu imefika, na mimi nimefika. Ikikufaa, ibebe uende nayo. Isipokufaa, iache hapo mlangoni, nitaifagia kiuno kikipoa.