Goti la Bi Kidawa

Haya chekeni! Mimi niliyezunguka nchi saba, jana mmenipigia yowe la mwizi nikiingia kwa dirisha la nyumba yangu mwenyewe. Lakini niliona fahari kuwa na majirani wa kunilindia nyumba, nikamkumbuka Bi Kidawa, msusi wa mikeka mwenye goti bovu.

Kijijini kwake palizuka zimwi. Watu wakienda shamba, linavaa sura ya mwenye nyumba, linaingia, linameza kila kitu. Lilikwisha kumaliza nyumba mbili. Ya tatu ilikuwa ya jirani yake Shekuwe, na ndani mna kasha la harusi la bintiye.

Bi Kidawa yupo barazani anasuka, huyo "Shekuwe" anapita.

"Habari za shamba, jirani?"

"Njema."

"Za watoto?"

"Njema."

"Na mbuzi?"

"Njema." Mkono umeshafika kwenye komeo.

Bi Kidawa akangoja aulizwe na yeye. Wapi! Akapiga yowe. Shamba zima likaja na majembe, zimwi likazingirwa, likatapika mali yote, hata kuku wakiwa hai.

"Nimekosea wapi?" likalia. "Sura yake, kofia yake, mwendo wake!"

"Hukuniuliza goti langu," akasema Bi Kidawa. "Toka."